Kinyago na Mwenye Kukivisha: Katuni ya Scooby-Doo na Swali la Kumtaja Mchawi Usukumani

Mtu anapofikwa na hofu au msiba asioujua chanzo chake, ana wajibu gani, mbele ya akili yake na mbele ya Mungu wake, kabla hajamtaja mtu mwingine kuwa ndiye aliyeuleta? Swali hili limejadiliwa kwa karne nyingi na wanateolojia, yaani wasomi wa elimu ya Mungu, pamoja na wanafalsafa na mahakimu. Lakini kwa watoto wengi waliokulia mbele ya televisheni lilifika kwanza kupitia mbwa wa kuchorwa, Scooby-Doo, mbwa mkubwa wa kahawia mwenye madoa meusi, mtundu, mlafi na mwoga kupindukia, ambaye kila kipindi hukumbana na zimwi na kila kipindi hushuhudia zimwi hilo likivuliwa kinyago na kuonekana kuwa ni binadamu. Makala haya yanashikilia kwamba katuni hiyo imebeba hoja nzito ya kifalsafa, ila hoja hiyo ni sehemu moja tu ya ile inayohitajika katika wilaya ya Sengerema na Usukuma kwa jumla, na kwamba sehemu iliyobaki, ambayo watunzi wa katuni hawakuwa na haja ya kuisema, ndiyo ambayo kukosekana kwake kumegharimu maisha ya vikongwe wengi waliotuhumiwa uchawi.

Katuni yenyewe ilianza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 13 Septemba 1969 katika televisheni ya CBS, ikiwa imetengenezwa na studio ya Hanna-Barbera. Waliobuni hadithi ni Joe Ruby na Ken Spears, na aliyemchora mbwa ni Iwao Takamoto. Ilizaliwa wakati ambapo vikundi vya wazazi wa Marekani vilikuwa vikilalamikia ukatili wa katuni za mashujaa wapiganaji zilizorushwa Jumamosi asubuhi, hivyo ikatafutwa hadithi ambayo ingewasisimua watoto kwa hofu bila kumwaga damu. Vijana wanne, Fred, Daphne, Velma na Shaggy, husafiri na mbwa wao katika gari lililopakwa rangi nyingi, hufika mahali panaposemekana kuwa na mzuka, hukimbizwa, hukusanya dalili, hutega mtego, na mwishoni humvua mzuka sura yake ya bandia. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, miaka 25 baada ya mbwa huyo kuzaliwa, na Star TV, kituo kinachorusha matangazo yake kutoka Mwanza, ni cha baadaye zaidi. Kwa hiyo katuni hii iliingia nchini pamoja na chaneli za setilaiti, kisha na simu za mkononi, ikawakuta watazamaji ambao tayari walikuwa na mazungumzo yao mazito kuhusu viumbe wa usiku.

Katika kipindi cha kwanza kabisa, vazi la chuma la askari wa kale linasemekana kutembea lenyewe mwezi ukiwa mpevu, na mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa akilisafirisha ametoweka. Mwishoni inagundulika kuwa aliyejificha ndani ya vazi hilo ni msimamizi wa jumba la makumbusho, ambaye alikuwa akiiba picha za thamani na kuweka za bandia mahali pake, na ambaye aliitumia hadithi ya mzuka kuwafukuza wenye kuchunguza. Muundo huo ulirudiwa mara nyingi hata ukawa kanuni ya katuni nzima: mzuka ni mtu, na mtu huyo ana jambo analolitafuta, ambalo kwa kawaida ni mali, iwe ardhi, hazina, urithi au bidhaa za magendo. Ndani ya kanuni hiyo mna madai mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Dai la kwanza ni kwamba kila tukio la kutisha lina sababu ya kawaida ndani ya maumbile, msimamo ambao katika falsafa huitwa umaumbile, yaani fundisho kwamba hakuna sababu ya jambo lolote iliyo nje ya ulimwengu unaoweza kuchunguzwa. Dai la pili ni kwamba hofu ya wengi huwa ni mtaji wa wachache, na kwamba anayetaka kuielewa hofu sharti aulize ni nani anayefaidika nayo. Wasifiaji wa katuni hii husifu zaidi dai la kwanza, lakini la pili ndilo lenye uzito, kwa kuwa linabaki na nguvu yake hata kwa msikilizaji ambaye imani yake haimruhusu kulikubali la kwanza.

Ni kosa kudhani kwamba kuvua vinyago ni kazi ya wasioamini. Katika sura ya 14 ya kitabu cha Danieli, ambayo imo katika Biblia za Kikatoliki na haimo katika zile za Kiprotestanti, mfalme wa Babeli anaamini kuwa sanamu ya Beli ni mungu aliye hai kwa sababu kila usiku hula unga, kondoo na divai inavyowekewa. Danieli anamwaga majivu kwa siri juu ya sakafu ya hekalu, mlango unatiwa muhuri, na asubuhi nyayo za makuhani, wake zao na watoto wao zinaonekana wazi juu ya majivu, zikitoka katika mlango wa siri ulio chini ya meza. Mtu akiisoma habari hiyo leo ataona kwamba haikosi hata kiungo kimoja cha kipindi cha Scooby-Doo: tukio la ajabu, faida iliyofichwa, dalili na mtego. Katika Kurani, Suratul Anbiyaa, Nabii Ibrahimu anavunja masanamu yote isipokuwa lile kubwa, kisha anawaambia watu wayaulize, ili wakiri kwa vinywa vyao wenyewe kwamba hayawezi kusema. Kuhusu wachawi wa Firauni, ambao kamba na fimbo zao zilionekana kutembea, Abu Bakr al-Jassas, mwanasheria wa Kihanafi aliyefariki Baghdad mwaka 981, aliupokea na kuutetea ufafanuzi kwamba vitu hivyo vilikuwa na uwazi ndani uliojazwa zebaki, ambayo ilipopata joto ikavitikisa. Wengi wa wanazuoni wa Kisuni hawakuwa pamoja naye, maana walishikilia kwamba sihiri ina uhalisi wake, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba swali lake lilikuwa geni kwa dini. Kwa mapokeo hayo yote, anayefichua hila anaisafishia njia haki ya Mungu.

Sengerema iko ng'ambo ya magharibi ya Ghuba ya Mwanza, na hadi lilipozinduliwa daraja la Kigongo hadi Busisi tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, msafiri alivuka kwa kivuko. Watu wake huishi kwa kilimo cha pamba, mpunga, mihogo na mahindi, kwa uvuvi wa sangara na dagaa, na kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu katika ukanda unaoungana na Geita. Hizi ni kazi ambazo bahati ina nafasi kubwa ndani yake: mvua huja au huchelewa, wavu hujaa au hupanda mtupu, mwamba hutoa dhahabu kwa mchimbaji mmoja na kumnyima jirani yake aliyechimba kwa jasho lile lile. Deborah Fahy Bryceson na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, walionyesha jinsi wachimbaji wa Kanda ya Ziwa walivyotafuta kwa waganga dawa za kuitawala bahati hiyo, na jinsi mauaji ya watu wenye ualbino yalivyoshikamana na biashara ya dawa hizo. Mauaji ya vikongwe yana historia ndefu zaidi. Takwimu zilizochambuliwa na Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Kitanzania, zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu za tuhuma za uchawi, zaidi ya 2,000 kati yao wakiwa Usukumani, na kwamba huko Usukumani waliouawa walikuwa wanawake kwa wingi usio na mfano katika sehemu nyingine za nchi.

Alama iliyowaponza wengi wao ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika kwa miaka 50 katika jiko la mafiga, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha, akitumia kuni, mabua ya pamba na mahali pengine kinyesi cha ng'ombe, huharibika macho kwa moshi. Alama hiyo ni hati ya utumishi wake kwa watoto na wajukuu, na ilisomwa kama hati ya mashtaka. Hakuna jambo katika habari hii yote linaloumiza kulifikiri kuliko hilo, kwamba kazi yenyewe ya kuwalisha watu ndiyo iliyompa mpishi sura ya kuwatisha.

Namna jina linavyopatikana inahitaji kuelezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake ndimo mlimo swali la kifalsafa. Familia iliyofiwa na mtoto au iliyopoteza mifugo huenda kwa mganga, ambaye Wasukuma humwita nfumu, na mganga hupiga ramli, yaani hutafuta kwa njia ya kutazamia chanzo cha msiba. Njia mojawapo iliyozoeleka Usukumani ni kumpasua kifaranga na kusoma alama zilizo ndani yake. Waganga walio wengi hutibu tu, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua; lakini ile ambayo polisi na magazeti huiita ramli chonganishi ni ya aina nyingine, kwani huishia kwa kumwelekeza mteja kwa mtu fulani. Mara nyingi jina lenyewe halitajwi. Husemwa kuwa ni mwanamke, ni mtu mzima, ni wa ukoo wenu, nyumba yake iko upande fulani; na mteja, ambaye amekuja na ugomvi wake wa shamba au wa mahari au wa urithi moyoni, hulijaza mwenyewe pengo lililoachwa. Mganga anachora umbo tupu, mteja anatia uso.

Hapo ndipo Scooby-Doo na Sengerema zinapoachana. Katika katuni, mwenye tamaa hujivika kinyago yeye mwenyewe, kwa hiyo mkono mmoja wa kumvua unatosha: uso wa mhalifu umo chini ya uso wa zimwi, na ukweli uko umbali wa kitambaa. Usukumani kinyago huvishwa mtu mwingine. Mwenye tamaa, au mwenye uchungu, au mwenye vyote viwili, huchukua sura ya mchawi apandaye fisi usiku na kuiweka juu ya uso wa bibi aliyekaa mlangoni kwake akichambua mboga, na kuanzia hapo kila anayemtazama anakiona kinyago wala hamwoni bibi. Haiwezekani kumvua, kwa sababu hakuna alichovaa. Akikana, wachawi wote hukana, akinyamaza, amekiri, akiwasalimia watoto wa jirani kwa upole, anawatega. Mpelelezi anayefika na kanuni ya katuni, akaanza kuuliza ni nani aliye chini ya sura ya mchawi, atakuwa ameshapotea njia, kwa kuwa swali lenyewe linamrudisha kwa yule yule aliyevishwa. Lililo sahihi ni kuuliza mkono uliokivisha kinyago ni wa nani, na kwa ushahidi gani.

Serikali na wasomi wamejaribu mara nyingi kulijibu jambo hili kwa dai la kwanza la katuni, yaani kwa kuwaambia watu kwamba uchawi haupo. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wanaoishi katika mipaka ya Sudani Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, alionyesha kwa nini jibu hilo halifiki mbali. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo, na anajua kwamba watu walikaa pale kwa ajili ya joto la mchana. Analouliza ni kwa nini ghala lile lilianguka saa ile juu ya watu wale. Vivyo hivyo mzazi wa Sengerema anaweza kuambiwa hospitalini kuwa mtoto wake alikufa kwa malaria, akalikubali jibu hilo bila shaka yoyote, na bado akarudi nyumbani na swali lake zima, kwa sababu mbu aliwauma watoto watano na aliyekufa ni mmoja. Sayansi haina jibu la swali hilo isipokuwa kusema kwamba ni sadfa, na sadfa ni chakula kigumu kwa aliyefiwa. Hata mashabiki wa Scooby-Doo walichoka kupewa jibu la kinyago peke yake: katika mfululizo wa mwaka 1985 na katika filamu ya mwaka 1998 watunzi waliwaletea mizuka ya kweli, isiyo na mtu ndani.

Sheria nayo imebeba mkanganyiko wake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1928 na ambayo iliendelea kutumika baada ya uhuru, inafanya kuwa kosa kujidai una nguvu za uchawi na pia kumtaja mtu kuwa ni mchawi nje ya taratibu za kumpeleka mbele ya mamlaka. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa kuwatia watu hofu kwa uchawi ahamie na kuishi mahali atakapopangiwa. Nia inaweza kuwa ilikuwa kumwokoa. Matokeo yake ni kwamba mtuhumiwa ndiye anayefungasha mizigo, shamba linabaki kwa waliomtuhumu, na dola lenyewe linakuwa limetia sahihi juu ya kinyago.

Njia iliyo bora zaidi ilionyeshwa na mtu aliyeamini kwamba wachawi wapo. Friedrich Spee, padri Mjesuiti wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1631, bila kuweka jina lake, kitabu cha Kilatini kiitwacho Cautio Criminalis, katika miaka ambayo mamia ya watu walikuwa wakichomwa moto katika miji ya nchi yake kwa tuhuma za uchawi. Spee hakuanza kwa kukana kuwapo kwa uchawi; alikubali, kisha akauliza mahakama zilijuaje kwamba huyu aliye mbele yao ni mchawi. Akaonyesha kuwa maisha mabaya yalichukuliwa kuwa ushahidi, na maisha mema yalichukuliwa kuwa ushahidi wa unafiki. Kwamba hofu ya mshtakiwa ilimhukumu, na utulivu wake ukamhukumu. Na kwamba mateso yangeweza kumfanya mtu yeyote, hata askofu, akiri. Kwa hoja hiyo mtu anaweza kubaki na imani yake yote kuhusu mambo ya ghaibu, yaani mambo yaliyofichika kwa hisi za binadamu, na bado akatambua kwamba mashtaka haya hayana msingi. Msomaji wa Sengerema haombwi kuchagua kati ya imani yake na uhai wa jirani yake.

Dini zote mbili kubwa za eneo hili zina vifaa vya hoja ya namna hiyo katika vitabu vyake. Wakristo wanaotaja Kutoka 22:18, aya inayoamuru kifo kwa mwanamke mchawi, wanapaswa kuisoma pamoja na Kumbukumbu la Torati, ambayo katika sura ya 18 inakataza kupiga ramli, na katika sura ya 19 inakataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja, kisha inaagiza kwamba shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea mwenzake. Akifuata kanuni hizo tatu pamoja, mtu hawezi kamwe kufika kwenye adhabu akianzia kwa kifaranga aliyepasuliwa. Kwa Waislamu, Suratul Hujurat inaamuru habari ichunguzwe kabla ya watu kuwadhuru wengine kwa kutojua, na inakataza dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Hadithi iliyopokewa na Muslim inasema kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo haikubaliwi sala yake kwa siku 40. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, walikwenda mbali zaidi: walisema kwamba kuua kwa sihiri hakuthibitishwi kwa mashahidi, bali kwa kukiri kwa mtendaji mwenyewe, kwa sababu shahidi hawezi kuiona nia ya msihiri wala kuona athari yake ikisafiri hadi kwa aliyedhurika. Ukiweka kanuni hiyo karibu na uchunguzi wa Spee kuhusu maungamo yanayotolewa kwa mateso, linabaki jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa mbele ya binadamu, na kwa hiyo haliwezi kuadhibiwa na binadamu, hata kama lipo.

Mbwa ana nafasi gani katika haya yote? Ana nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anasema kwa kinywa cha Sokrate kwamba mbwa ni mnyama mwenye tabia ya kifalsafa, kwa kuwa humbwekea asiyemjua na humkaribisha anayemjua, hata kama anayemjua hajawahi kumtendea jema lolote. Kipimo chake cha urafiki na uadui ni ujuzi. Kwa karne nyingi wasomaji wameichukua hoja hiyo kama mzaha mwepesi wa Sokrate, lakini Usukumani inageuka kuwa hukumu. Anayetajwa kuwa mchawi hawi mgeni. Huwa ni mama mkwe, shangazi, mjane wa kaka, mtu ambaye mikono yake ilimpokea mtoto alipozaliwa. Mbwa wa boma lile atamlaki mwanamke huyo jioni kama alivyomlaki jana, kwa sababu hakuna mganga anayeweza kumweleza kwamba anayemjua kwa harufu na kwa sauti si yule anayemjua. Binadamu anaweza kuambiwa, na uwezo huo wa kuambiwa, ambao ndio mlango wa elimu na wa imani, ndio huo huo mlango wa uzushi.

Watunzi wa katuni walimpa Scooby sehemu ya uwezo huo, ndiyo maana anaogopa mizuka, hofu ambayo mbwa wa kawaida hana. Hata hivyo walimwekea mpaka, pengine bila kukusudia, unaostahili kutafakariwa kuliko yote mengine yaliyomo katika kipindi. Scooby na Shaggy hutetemeka, hujificha ndani ya mapipa, hukimbia hata ukuta ukibaki na tundu lenye umbo lao, huiba chakula cha wenye nyumba katikati ya hatari, na huhongwa vibiskuti ili wakubali kurudi. Lakini hofu yao haigeuki kuwa mashtaka. Hawamgeukii Velma na kumwambia kuwa ndiye aliyeuleta mzuka. Hofu inabaki kuwa hofu, ikiwa na aibu yake na udhaifu wake wote, bila kumtafuta mtu wa kumlipisha. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hujiepusha na mate ya mbwa kwa kuwa ni najisi katika madhehebu yao, lakini wanajua pia kwamba Kurani imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni aliyelala mlangoni pa waumini, na kwamba katika Hadithi kuna mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Si ajabu kwa dini kumweka mnyama huyu mahali ambapo binadamu anapimwa.

Swali la mzazi aliyefiwa, hata hivyo, halijajibiwa na mbwa wala na mwanasheria, na kudai kwa uongo kwamba limejibiwa kungekuwa dharau kwake. Kitabu cha Ayubu, ambaye Kurani pia inamtaja kuwa nabii wa subira, ndicho kilicholikabili kwa ujasiri kuliko vyote. Rafiki zake wanakaa naye kimya siku saba, na hilo ndilo jambo jema walilolifanya. Kisha wanafungua vinywa na kuanza kazi ya ramli, wakitafuta ni nani mwenye hatia, hadi wanamtwika Ayubu mwenyewe. Mwisho wa kitabu Mungu hatoi sababu ya msiba, lakini anawakasirikia waliodai kuijua. Huduma za maombezi ambazo siku hizi zinamtajia muumini jirani au mzazi aliyemfunga maisha yake zimekaa kwenye kiti cha rafiki hao, na uzito wa kosa lao unaongezeka kwa kuwa wanasema kwa jina la yule aliyelikataza. Padri, mchungaji au sheikhe anayefika kwenye msiba na kusema wazi kwamba sababu haijulikani, kisha akabaki pale, amelinda watu wengi kuliko anayekuja na maelezo kamili.

Linabaki suala la hatia ya wanaoamini kwa dhati. Katika Scooby-Doo mhalifu anajua kuwa mzuka ni uongo, kwa hiyo kumhukumu ni rahisi. Mganga wa Sengerema anaweza kuwa anakiamini kifaranga chake, na mteja anaweza kuwa na uhakika kamili moyoni. Mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford, katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini, alitoa mfano wa mwenye meli ambaye alijituliza kwa mawazo mema hadi akaamini kweli kwamba chombo chake kibovu ni salama, akakiruhusu kung'oa nanga. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vya abiria, na angekuwa na hatia ile ile hata kama meli ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kwa watu wa ziwa lililowameza mamia ya abiria wa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mfano huo hauhitaji kufafanuliwa zaidi. Thomas Aquinas, karne sita kabla ya Clifford, alikuwa amefundisha jambo lililo karibu nalo: ujinga humwondolea mtu lawama pale tu ambapo hakuwa na wajibu wala uwezo wa kujua. Aliyepewa umbo tupu akatia uso wa shangazi yake alikuwa na uwezo wa kuuliza ni kwa nini uso ule, na kwa nini mwaka ule ule wa ugomvi wa shamba. Hatia yake ilianza mchana ule kwa mganga, kabla panga halijanunuliwa.

Wanaosikia jina likitajwa katika kikao cha ukoo na kunyamaza wana hesabu yao pia, ingawa ni nyepesi zaidi. Aquinas aliyahesabu matendo yanayofanywa kwa hofu kuwa ya mchanganyiko, ya hiari kwa upande mmoja na ya kulazimishwa kwa upande mwingine, na kunyamaza kwao kuko katika fungu hilo, maana wanajua kwamba anayemtetea mchawi huulizwa kwa nini anamtetea. Kati yao wamo binti wa marehemu, mke mdogo, kijana aliyemwona mpanga njama akirudi usiku. Kesi za mauaji haya zinapofika mahakamani hukwama mara nyingi kwa kukosa shahidi, na shahidi anayekosekana ni mmoja wao. Kumpa ulinzi kabla hajaulizwa alichokiona ndiyo kazi ambayo polisi, serikali ya kijiji, kanisa na msikiti wa Sengerema wanaweza kuifanya bila kwanza kukubaliana kama uchawi upo au haupo.